Beki mpya ni garasa, au kocha ndiye hajui kupanga ulinzi?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Naandika kutoka Ujiji, Kigoma. Timu yetu inacheza ligi ya mkoa, na dirisha lililopita tulisajili beki wa kati kutoka Tabora kwa michango yetu wenyewe mashabiki. Ni mrefu, ana nguvu. Amecheza mechi 6 na tumefungwa magoli 11: matatu kwa mpira mrefu nyuma ya mabeki, manne kwa kona na faulo, mawili kwa krosi za chini kutokea upande wetu wa kushoto, moja la penati, na moja kaporwa mpira akiwa mtu wa mwisho. Hapa barazani tumegawanyika. Wapo wanaosema tumeuziwa garasa, na wapo wanaosema kocha hajui kufundisha, maana hata msimu uliopita kona zilikuwa zinatuua. Kocha anataka mabeki wapande mpaka karibu na mstari wa kati. Huko Tabora jamaa alikuwa wa katikati kwenye mabeki watatu, na timu yake ilikuwa inakabia chini. Hapa anapangwa kushoto mwa mabeki wawili wa kati wakati mguu wake ni wa kulia. Mazoezi ni siku 3 kwa wiki. Nani mwenye kosa? Na yule beki wetu wa zamani, mfupi lakini mjanja, anayetumia mguu wa kushoto, arudishwe?

JIBU: Ndugu yangu, umefanya jambo ambalo mashabiki wengi hawalifanyi: umeyapanga magoli kwa namna yalivyoingia. Kwa hesabu hiyo tu naweza kukupa hukumu ya awali. Katika magoli 11, ninaloweza kumwandikia beki wenu bila kusita ni moja, lile aliloporwa. Manne ya kona na faulo ni ya benchi la ufundi. Matatu ya mpira mrefu ni ya benchi kwa sehemu kubwa, ingawa na beki ana fungu lake. Mawili ya krosi yalianzia mbali na yeye. Penati moja haimhukumu mtu, naiweka kando.

Kanuni ninayoitumia ni hii. Kosa lilelile likifanywa na watu tofauti, mechi baada ya mechi, ni kosa la kocha, kwa sababu halijafanyiwa kazi mazoezini au limefanyiwa kazi vibaya. Makosa yakimfuata mtu mmoja kila anapopangwa, na wenzake wakicheza nafasi ileile hawayafanyi, hilo ni la mchezaji. Kona zenu zilikuwa zinawaua msimu uliopita, kabla beki huyu hajapanda gari kutoka Tabora. Kwa hiyo hata mngemsajili nani, zingeendelea kuwaua.

Tatizo letu jukwaani ni kwamba tunaanza kuliangalia goli pale mpira unapomfikia beki. Goli la mpira wazi huanza sekunde 8 au 10 nyuma: winga kapoteza mpira, kiungo hakurudi, mpigaji kaachiwa ainue kichwa, ndipo mpira ukaruka. Beki wa kati ndiye wa mwisho kuonekana akikimbia nyuma ya mtu, basi lawama zote zinamwangukia yeye.

Sasa mipira mirefu, maana naona ubishi wenu mkubwa uko hapo. Kupandisha mabeki mpaka karibu na mstari wa kati si ujinga. Kocha Arrigo Sacchi akiwa AC Milan mwishoni mwa miaka ya 1980 alitaka umbali kutoka beki wa nyuma mpaka mshambuliaji wa mbele uwe mita 25 hivi, na timu ile ilichukua Kombe la Ulaya la vilabu mara 2 mfululizo, 1989 na 1990. Lakini Milan walikuwa wanapanda huku mwenye mpira anabanwa, na hapo ndipo makocha wengi wanaoiga wanapokwama: wanachukua kupanda, wanaacha kubana. Mabeki wakiwa juu na mpigaji wa pasi ana nafasi ya kutosha, umempa mpinzani mita 40 za uwanja mtupu nyuma ya mabeki wako.

Mabeki wote 4 wanatakiwa kusoma hali 2. Mpinzani akiwa na mpira, kichwa juu, hakuna mtu ndani ya mita 3 kutoka kwake, huo ni mpira wazi. Hapo mabeki wanashuka mita 5 hadi 10, na wanashuka kabla hajapiga. Mpinzani akiwa ameelekea goli lake mwenyewe, au amebanwa, au anarudisha pasi nyuma, mpira umefungwa; hapo wanapanda haraka. Anayetoa amri ni mmoja, na amri ni neno moja: "Shuka!" au "Panda!" Wanne wakigawanyika, watatu wakapanda na mmoja akabaki, mshambuliaji yuko huru kabisa. Sheria ya kuotea inamtazama mchezaji wa pili kutoka mwisho wa timu inayokaba, na tangu 1990 mshambuliaji aliye sambamba naye hajaotea. Yule mmoja aliyesahau kupanda anaharibu kazi ya wenzake. Tena kwenye ligi ya mkoa hakuna VAR, yaani video ya kumsaidia mwamuzi. Mshika kibendera yuko peke yake upande wake, na akichelewa hatua 2 nyuma ya mstari wa mabeki anaona kitu kingine kabisa. Mtego wa kuotea usiwe ndiyo nguzo ya ulinzi wenu.

Angalia hesabu yenyewe. Mshambuliaji aliyekwishashika kasi anakwenda mita 7 kwa sekunde bila shida. Beki aliyesimama kifua kikiutazama mpira, miguu yote miwili sambamba, akitakiwa kugeuka na kuanza kukimbia anapoteza nusu sekunde au zaidi. Kabla hajapiga hatua ya kwanza ya maana, ameshaachwa mita 3 na nusu. Hata kama kasi yao ni moja, hizo mita hazirudi. Jukwaani tunasema "beki mzito huyo", kumbe uzito umetokana na jinsi alivyosimama.

Na hapo ndipo fungu la beki wenu lilipo. Mechi ijayo usimtazame anapogusa mpira. Mtazame miguu yake wakati mpira uko kwa wapinzani upande wa pili wa uwanja. Beki anayecheza juu anasimama nusu-upande: mguu mmoja mbele kidogo ya mwingine, magoti yamelegezwa, uzito uko mbele ya nyayo, visigino havijalala chini, na bega moja linaelekea goli lake. Akisimama hivyo, kwa kugeuza shingo tu anaona mpira na anamwona mtu wake, na shingo hiyo igeuke kila baada ya sekunde 2 au 3. Ukimkuta ameganda kifua mbele, visigino vimelala, macho kwenye mpira tu, umeshajua kwa nini anaachwa. Mtu aliyezoea kuwa wa katikati kwenye mabeki watatu wanaokabia chini hana sababu ya kuwa na tabia ya kusimama nusu-upande. Nyuma yake palikuwa na mita 15 na kipa, kushoto na kulia alikuwa na wenzake wa kumfunika, na kazi yake kubwa ilikuwa kuruka na kuondosha. Mmemchukua mtu wa kazi moja mkampa kazi nyingine. Inafundishika, na kwa maelekezo ya kila siku ya mazoezi wiki 4 hadi 6 zinatosha kuona mabadiliko. Ila lazima awepo wa kumwelekeza.

Kipa naye yumo kwenye hesabu hii. Mstari wa mabeki ukiwa mita 40 kutoka golini, kipa anatakiwa awe karibu na mstari wa eneo la penati, yaani mita 16.5, na mpira ukiwa mbali sana hata atoke nje kidogo. Akibaki mita 5 kutoka golini, kati yake na mabeki pana mita 35 ambazo ni za yeyote atakayefika kwanza. Liverpool walimnunua beki wa kati Virgil van Dijk Januari 2018 kwa pauni milioni 75. Msimu ule wa 2017/18 walimaliza ligi wakiwa wamefungwa magoli 38. Msimu uliofuata, Van Dijk akiwepo tangu mwanzo, walifungwa 22. Wengi wanamtaja beki tu, wanasahau kwamba katikati ya 2018 aliingia pia Alisson golini, kipa anayetoka kusafisha mipira nyuma ya mabeki. Kabla hamjamhukumu beki wenu kwa yale magoli 3, muulizane: kipa alikuwa amesimama wapi mpira ulipopigwa?

Kwenye kona sina huruma na kocha. Mpira wa kona umesimama, kila mtu ana muda wa kujipanga, na kinachotokea kinaweza kurudiwa mazoezini mara nyingi kadiri unavyotaka. Hakuna sehemu ya mchezo inayoonyesha kazi ya kocha waziwazi kama hii. Na hamhitaji mfano wa mbali. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, tarehe 25 Julai 2021, ilichezwa hapo hapo Kigoma, uwanja wa Lake Tanganyika. Simba na Yanga, Yanga wakiwa pungufu baada ya Mukoko Tonombe kutolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, na goli pekee likawa kichwa cha Taddeo Lwanga kutokana na kona. Januari 2024 kule Ivory Coast, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, Taifa Stars inaongoza kwa goli la Simon Msuva, Zambia wako 10, dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Kichwa, kona tena.

Mpangilio unaofaa timu ya ngazi yenu ni wa kuchanganya. Watu 3 wanalinda eneo kwenye mstari wa mita 5.5 kutoka golini: mmoja usawa wa mlingoti wa karibu, mmoja katikati ya goli, mmoja kuelekea mlingoti wa mbali. Hawa wawe ndio wapigaji vichwa bora, na beki wenu mrefu awe wa katikati. Kumpa kazi ya kumkimbiza mtu mmoja ndani ya msongamano ni kuupoteza urefu wake, kwa sababu yule mtu atamvuta mpaka kando. Watu 4 wanakaba watu, kila mmoja na wake, akisimama kati ya mtu huyo na goli, kiganja kikimgusa kidogo tu ili ajue anakoelekea bila kumshika. Mmoja anakwenda kwenye kona fupi. Mmoja anabaki ukingoni mwa eneo la penati kwa ajili ya mpira wa pili, ule unaorudi baada ya kuondoshwa. Mmoja anabaki juu, ili wapinzani nao waache watu nyuma. Hao ni 10, na kipa wa 11.

Yanayoharibika kwa kawaida ni haya. Wanaolinda eneo wanasimama juu ya mstari wenyewe badala ya hatua moja nyuma yake, kwa hiyo wanaruka wakiwa wamesimama, huku mshambuliaji anaruka akitoka mbio; anawapita hewani hata akiwa mfupi. Wanaokaba watu wanakaba kwa macho: wanautazama mpira tangu unapotoka mguuni, mtu wao anapiga hatua 2 nyuma ya migongo yao na kutoweka. Mpira ukishaondoshwa, wote wanabaki golini wakishangilia, ukirudishwa ndani kuna watu 6 wa wapinzani ambao hawajaotea. Mpira ukiruka nje tu, mstari mzima utoke mbio mpaka mita 16.5. Kumbuka kona yenyewe haina kuotea, lakini mpira wa pili unao. Na lile la mwisho, ambalo nalitilia mkazo kwa sababu halionekani: mabadiliko ya wachezaji. Anatoka mtu aliyekuwa amepewa kumkaba mshambuliaji wao hatari, anaingia mwingine, na hakuna aliyemwambia huyo mtu sasa ni wake. Kona ya kwanza baada ya mabadiliko ni ya kuangalia kwa makini sana.

Kwa mazoezi ya siku 3, siku 2 zitengewe dakika 20 za mipira ya kutenga: kona 10 kutoka kulia, 10 kutoka kushoto, na wapinzani wa kweli wanaoruka. Majina yaandikwe kwenye karatasi, nani yuko wapi na akitoka nani anachukua nafasi yake. Shabiki wa kawaida anaweza kujua kama kazi hii imefanyika. Kabla kona haijapigwa, tazama mabeki wenu. Wakienda moja kwa moja kwenye nafasi zao, wamefundishwa. Wakinyoosheana vidole na kuulizana "wako nani?", hawajafundishwa, na hakuna beki wa kusajili atakayeziba pengo hilo.

Faulo za pembeni zina jambo moja kubwa: mstari ubaki kwenye ukingo wa eneo la penati mpaka mguu wa mpigaji uguse mpira. Timu nyingi zinaanza kurudi nyuma pindi mpigaji anapoanza kukimbia, zinaishia kumzonga kipa wao na kumzuia asitoke.

Krosi za chini kutoka kushoto sitazikalia sana. Zikija mara 2 upande uleule, mtazame winga wa upande huo kama anarudi kusaidia. Fulubeki, yaani beki wa pembeni, akiachwa na watu wawili, beki wa kati wa kushoto analazimika kutoka kwenda kuziba, na anapotoka, kiungo mkabaji anatakiwa ateremke achukue nafasi yake kwenye eneo la penati. Asipoteremka, mpira wa chini unaorudishwa kuelekea alama ya penati, ile ya mita 11, unamkuta mtu yuko peke yake. Jukwaani tutasema beki kaacha nafasi. Ameiacha kweli, ila alikwenda alikotakiwa kwenda.

Tuje kwenye lile goli la kuporwa. Hili ni lake. Mtu wa mwisho hapigi chenga, na hazidishi miguso 2 mpinzani anapokuwa ndani ya mita 5. Ana njia 3 tu: pasi kwa mwenzake aliye huru, pasi kwa kipa, au mpira nje kwenye mstari wa pembeni bila aibu yoyote. Pasi kwa kipa ipigwe nje ya milingoti, isielekee golini, ili kipa akikosa kuiweka sawa iwe kona na isiwe goli. Na tangu 1992 kipa haruhusiwi kuidaka, kwa hiyo ipigwe kwenye mguu anaoutumia. Kwenye uwanja wenye mashimo hili ni muhimu kuliko kwenye nyasi laini, kwa sababu mguso wa pili ndio unaoruka ovyo.

Hata hivyo, kuna kitu kocha amemtegea bila kukusudia. Mtu wa mguu wa kulia akiwekwa beki wa kati wa kushoto, kila akipokea mpira anauvuta ndani, kwenye mguu wake, na ndani ndiko waliko washambuliaji. Pasi ya kwenda kwa fulubeki wa kushoto inamtaka ageuke mwili mzima, au apige kwa mguu asiouamini. Wapinzani wakimsoma mara moja, wanamfungia njia ya ndani na kumngoja. Kutokana na mabadiliko ya sheria ya 2019, mpira wa golikiki unaweza kupokelewa ndani ya eneo la penati, na makocha wengi wameupenda mtindo huo wa kuanzia nyuma. Kama kocha wenu naye ameupenda, basi amempa kazi ngumu mtu ambaye hajapangwa upande wake. Ahamishiwe kulia. Akilazimika kubaki kushoto, apewe dakika 10 kabla ya kila mazoezi, yeye na ukuta, mguu wa kushoto tu: pasi 50 za mguso mmoja kutoka mita 5, kisha 50 za kutuliza nje na kupiga.

Kuhusu uwezo wa kocha kwa ujumla, usiupime kwa matokeo pekee. Mpime kwa kinachobadilika. Timu imefungwa goli la mpira mrefu dakika ya 20. Je, dakika ya 30 mstari umeshuka, au kiungo mmoja amesogezwa kumbana mpigaji? Mapumziko yakiisha, dakika 15 za kwanza za kipindi cha pili zinaonyesha kitu kipya? Kosa lililowafunga mechi ya kwanza bado lipo mechi ya nne? Kocha anayeona na kurekebisha anaweza kupoteza mechi kwa sababu wachezaji wake ni dhaifu, na bado ni kocha mzuri. Anayeleta kitu kilekile mechi 6 na kusema wachezaji hawamsikilizi, huyo ana tatizo la kufundisha, kwa kuwa kumfanya mchezaji asikie ni sehemu ya kazi yake.

Nenda mazoezini siku mbili, ukae kimya utazame. Unachokitafuta ni kama mabeki 4, kipa na viungo 2 wanafanyishwa kazi pamoja dhidi ya washambuliaji 6, nusu ya uwanja, vipindi vya dakika 4 kwa jumla ya dakika 20, kocha akisimamisha mchezo pale mmoja anapokosea na kumwonyesha kwa miguu alipotakiwa kuwa. Mabeki hujifunza kwa kusimamishwa namna hiyo. Ukikuta mazoezi yote ni kukimbia kuzunguka uwanja na kumalizia kwa mechi ya wenyewe kwa wenyewe, jibu la nusu ya baraza lenu umelipata.

Mambo madogo nayo yanasema mengi. Kigoma jua linazama kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam, kwa kuwa mko mbali magharibi lakini saa ni ileile. Mechi ya saa 10 jioni kwenu inaanza jua bado kali, na inakwisha kabla ya saa 12, jua likiwa limeshuka kuelekea ziwani lakini bado linachoma macho. Kama uwanja wenu una goli linalotazama magharibi, kipa na mabeki walio upande huo kipindi cha pili wanapokea mipira ya juu huku wamepofushwa. Anayeshinda kura ya sarafu sasa anaweza kuchagua goli la kushambulia, na kocha anayejua kazi yake amemwambia nahodha achague nini kabla hawajatoka chumbani. Mvua za masika nazo zikianza, mpira mrefu unateleza badala ya kudunda, na mstari wa mabeki unatakiwa ushuke mita 5 nzima. Muulize kocha swali moja tu kuhusu hayo, kwa heshima. Jibu lake litakuonyesha kama ameyafikiria.

Mechi 6 ni chache kumwita mtu garasa. Patrice Evra alianza Manchester United tarehe 14 Januari 2006 dhidi ya Manchester City, akatolewa mapumziko, na timu ikafungwa 3-1. Miaka 2 baadaye alikuwa beki wa kushoto wa timu iliyochukua Ligi ya Mabingwa. Hapa nyumbani Ibrahim Bacca alitoka KMKM kwenda Yanga Januari 2022, hakuwa jina la kwanza kwenye kikosi tangu siku ya kwanza, na leo ni nguzo ya Yanga na ya Taifa Stars. Michango yenu inawapa haki ya kuuliza. Kumzomea kila anapogusa mpira kunawagharimu nyinyi wenyewe: beki anayezomewa anaogopa kupanda, anabaki mita 5 nyuma ya wenzake, na mstari unavunjika palepale.

Fanyeni hivi kwa mechi 4 zijazo. Watu 2 kutoka baraza lenu, mmoja anayemtetea beki na mmoja anayemtetea kocha, wakae nyuma ya goli, si pembeni, maana kutoka nyuma ya goli mstari wa mabeki unaonekana kama ulivyo. Wawe na daftari. Kwa kila goli na kila hatari kubwa waandike vitu 4: mpira ulipotezwa wapi na nani, mpigaji wa pasi ya mwisho alibanwa au hakubanwa, mabeki 4 walikuwa kwenye mstari mmoja au la, beki mpya alikuwa amesimama vipi. Dakika 10 za kila kipindi wamtazame yeye tu, bila kuufuata mpira. Timu ya Mashujaa ikiwa na mechi ya Ligi Kuu hapo Lake Tanganyika, waende wajizoeze macho huko kwanza. Baada ya mechi 4, hatari ambazo mpigaji hakubanwa au mstari ulivunjika zikizidi nusu, mpelekeeni kocha daftari kupitia kamati, siku mbili baada ya mechi wakati damu imepoa. Zikizidi zile ambazo kila kitu kilikuwa sawa na beki peke yake akashindwa mtu kwa mtu, basi mna tatizo la usajili, na dirisha lijalo mtafute mwingine.

Yule wa zamani arudishwe, ndiyo, lakini asirudishwe kwa kumtoa mpya. Ulivyomweleza, mfupi, mjanja, mguu wa kushoto, ndiye mwenza ambaye beki huyu amemkosa tangu aje. Wa zamani akae kushoto, mrefu akae kulia. Mrefu ndiye anayetoka kumkabili mshambuliaji na kuruka vichwa. Mjanja anabaki mita 3 hadi 5 nyuma yake kwa mshazari, anasoma mpira unaopita na ndiye anayetoa amri ya kupanda na kushuka. Mkimpendekezea kocha, mpendekezeeni na kwamba mstari ushuke mita 10 kwa mechi 2 za kwanza, mpaka wawili hao wazoeane sauti.